Muhuri ugongwe mbele ya mwenye mali

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Ile habari ya mzee aliyekuta kiwanja chake kimeshauzwa kwa hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumpa mtu mwingine uwezo wa kukutendea mambo yako, asiyokumbuka kuisaini ndiyo iliyonishikisha kalamu, hasa aya yake ya mwisho, mlipomnukuu ofisa akisema wananchi waache uzembe, wasome kabla ya kusaini. Mzee yule angesoma nini, Mhariri? Mliandika wenyewe kwamba hati ilikuwa ya Kiingereza. Na mbona hamkumuuliza ofisa huyo ni wakili gani aliyegonga muhuri, na kama aliwahi kumwona mzee kwa macho?

Mama yangu ana nyumba ya vyumba vya kupangisha hapa Muheza. Miguu haimsaidii tena, akataka nimkusanyie kodi na kumfuatilia mambo ya ardhi. Nikaenda steshenari moja karibu na mahakama nichapiwe hati ya uwakilishi. Kijana akafungua faili la mteja mwingine kwenye kompyuta, akafuta jina, akaandika la mama, akachapa. Wakili wa jirani hapo akaniambia hakuna haja ya kumsumbua bibi: "Mpelekee aweke dole, uniletee nigonge muhuri." Nilikataa. Nikakodi bajaji, nikamleta mama mwenyewe.

Yaliyofuata yananiuma mpaka leo. Mama amesokota kamba za usumba tangu usichana wake, dole gumba lake limelika, mistari haionekani. Wakili akalishika, akalikandamiza kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi, likatoka doa jeusi tupu. Akalibandika tena pembeni yake, doa lilelile. Hakumuuliza jina. Hakutaka kitambulisho. Hakumsomea hata neno moja. Mama ndiye aliyenigeukia, kidole bado kina wino, akauliza, "Mwanangu, humu wameandika nini?" Nikaanza kumfasiria, na kabla sijafika katikati nikakuta napewa uwezo wa kukusanya kodi, kuuza, kuweka rehani na kuhamisha umiliki. Kuuza nyumba anayolala! Maneno hayo yalikuwa ya yule mteja wa kwanza, hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Nilipomwambia wakili akajibu kuwa fomu zote ndivyo zilivyo, na kama mama ananiamini tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba mama hakusema nyumba yake iuzwe! Alisema kodi! Niliichana karatasi ile mbele yake, na hela yangu hakunirudishia. Angekuwa na mtoto mwenye tamaa, leo mama angekuwa anahojiwa na gazeti lako, na ofisa anamwita mzembe.

Masharti yenyewe si magumu kiasi cha watu kufichwa. Anayetoa uwezo awe na akili timamu na aelewe anachokitoa. Mambo anayoruhusu yatajwe moja moja, na kama ni kodi peke yake iandikwe kodi peke yake. Asaini au aweke dole mwenyewe mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo au notari, yaani mwenye mamlaka ya kushuhudia saini, naye wakili aandike jina lake, mahali na tarehe. Aliye nje ya nchi huenda ubalozini kwetu au kwa notari wa huko. Ushuru wa stempu ulipwe, maana hati isiyolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi mahakamani. Inapohusu ardhi iliyosajiliwa, ifike kwa Msajili wa Hati. Na mtoaji akifariki, uwezo huo umekwisha siku hiyohiyo. Mtaani kwetu yuko mjomba anayechukua kodi mpaka leo kwa hati ya dada yake marehemu. Wapangaji wanalipa, watoto wa marehemu wanaona haya kumuuliza. Hapo anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Halafu hiki Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Mbona kwenye meza za mawakili na taasisi za mikopo hakijafika? Jirani yangu, mama ntilie, aliweka nyumba rehani kwa mkataba wa kurasa nyingi asioweza kuusoma. Ofisa mikopo alikuwa anafunua na kuonyesha kwa kidole: saini hapa, na hapa, na hapa. Siku marejesho yalipochelewa ndipo alipoelezwa kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Pendekezo langu ni hili. Kila wakili mwenye muhuri alazimishwe kuwa na kauntabuku la jalada gumu, kurasa zake zina namba. Kila hati ya uwakilishi iingizwe humo: jina la mtoaji, namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), saa aliyofika, jina la aliyemsomea kwa Kiswahili, na alama za vidole viwili, dole gumba na cha shahada, kwa sababu dole gumba la mtu wa jembe na kamba hufutika. Namba ya ukurasa iandikwe juu ya hati. Msajili wa Hati akiletewa hati isiyo na namba hiyo asiipokee, na taarifa ya kukataliwa kwa hati hiyo imfikie mwenye mali kwa mkono, nyumbani kwake, kupitia mwenyekiti wa mtaa.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga