Kwa nini tunaomba makopa yako kabla ya kukuundia mashine ya kusaga

Wateja wengi wanaofika katika karakana yetu hapa Wete, Pemba, huuliza kwanza nguvu za mota, kisha bei. Sisi huanza na swali jingine: utasaga nini? Mtama mkavu hupasuka mara tu unapokutana na nyundo, yaani vyuma vinavyozunguka ndani ya mashine na kupiga nafaka, ilhali makopa ya muhogo, hasa yaliyoanikwa siku za mvua, hubaki na unyevu, na unga wake hujibandika kwenye chekeche mpaka matundu yanaziba, mzigo unazunguka bure ndani ya chemba ya kusagia, unga unapata moto na mota inaanza kunguruma.

Masika iliyopita mama mmoja wa Konde alirudisha mashine tuliyomuundia, akiamini kwamba mota ni mbovu. Tulifungua chemba mbele yake, tukakuta chekeche la matundu ya milimita 1 limefunikwa na utando mweupe, mgumu kama chokaa. Tukatoa kopa moja kwenye pakacha lake na kulivunja. Badala ya kukatika kwa mlio, lilipinda kwanza. Kosa lilikuwa letu pia, kwa sababu mashine ile tuliijaribu kwa mahindi makavu tu, na yeye alitaka unga wa bada, yaani wa muhogo.

Tangu hapo kila mashine hujaribiwa kwa zao la mteja mwenyewe. Tunapima kilo 10, tunasaga huku tukihesabu dakika na kusoma ampea, yaani kiasi cha umeme mota inachovuta, tunagusa beringi kuona joto lake, kisha tunachekecha unga na kupima chenga zilizobaki. Chenga zikizidi, hatukimbilii chekeche lenye matundu madogo zaidi, kwani hilo huchelewesha unga kutoka na kuongeza moto. Kwanza tunaangalia nyundo, ambazo kona zake zikilika hugeuzwa upande wa pili kabla ya kununua nyingine, na mkanda, kwa kuwa ukilegea nyundo hupoteza mwendo, na mwendo ndio unaosaga.

Kwa nyumba zenye umeme wa fezi moja tunashauri mota ndogo, isiyozidi nguvu 3 za farasi, maana mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida. Chemba tunaiunda kwa chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi.

Ukija, chukua makopa yale yale utakayosaga kila siku, si yale uliyoyachagua ili kutuonesha. Majaribio huchukua asubuhi moja, na unga utaondoka nao.