Kuingia kwa namba ya siri si ushahidi kwamba nilitoa fedha mimi

Mhariri,

Machi 2 mwaka huu nilipanga foleni kwenye ATM moja karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Kadi ikagoma mara mbili. Kijana nadhifu aliyesimama nyuma yangu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akasema, "Shikamoo mzee, hiyo chipu ina vumbi." Akaipokea, akaifuta kwenye shati, akanirudishia. Nikamshukuru. Kadi niliyorudishiwa ilikuwa ya benki ileile, rangi ileile, ila ina jina la mwanamke nisiyemjua. Namba yangu ya siri alikuwa ameshaiona nikiibonyeza.

Nikiwa kwenye daladala ya Kihonda, meseji zikaanza kuingia: 400,000. Tena 400,000. Ya tatu alinisomea kondakta, maana mikono ilikuwa inatetemeka. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki mpaka vocha ikakata. Zilikwenda 1,200,000, zote ada ya mjukuu wangu.

Benki wakasema namba ya siri iliingizwa sahihi, hivyo uzembe ni wangu. Polisi wakanipa RB, yaani karatasi yenye namba ya taarifa yangu kituoni, wakataka picha za kamera. Benki wakasema picha hazitoki bila barua ya polisi. Barua ilipopatikana, siku ya 34, nikaambiwa picha zimeshafutwa.

Kumpa mtu nisiyemjua kadi yangu lilikuwa kosa, na nalikubali. Lakini kamera si yangu, mashine si yangu, wala kumbukumbu za miamala sizitunzi mimi. Inakuwaje mwenye ushahidi wote mkononi asidaiwe kuthibitisha chochote, nidaiwe mimi niliyekuja na karatasi ya RB?

Binti yangu anafanya kazi Columbus, Ohio. Ananieleza kwamba Marekani, tangu miaka ya 1970, aliyeibiwa kadi ya mkopo hadaiwi zaidi ya dola 50. Kwa kadi za kutolea fedha kama yangu kuna sheria ya 1978: ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue kadi imepotea au imeibiwa, hasara yako haizidi hizo dola 50. Na benki ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwamba mteja aliidhinisha muamala. Nadhani hapo ndipo benki inapopata sababu ya kuweka mlinzi aliye macho na simu inayopokelewa. Hasara ikiwa ya mteja peke yake, nani atahangaika?

Kumsaka mwizi ni kazi ya polisi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa uwezo wa kuagiza data zihifadhiwe. Agizo hilo litolewe siku ileile RB inapoandikwa. Benki Kuu nayo ina kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Naomba izitumie kutamka wazi kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa benki, na kwamba mteja akilalamika, picha za siku hiyo zisifutwe mpaka shauri liishe.

Yule mama mwenye jina kwenye kadi bila shaka naye aliibiwa. Siku ya kwanza niliiweka kadi yake mezani kwa meneja ili atafutwe. Meneja hakuisoma hata jina. Aliisukuma ikarudi upande wangu.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro