Somo yangu, hii ndiyo sababu niliondoka kundini

Tanga,
8 Desemba 2024

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, wewe na mama na wadogo zako. Sisi huku tu wazima, vuli imetunyeshea vya kutosha, na mwembe wa uani umeanza kuangusha maembe kabla hayajaiva. Ujumbe wako wa mwezi uliopita nimeusoma mara nyingi. Uliniuliza ni nani aliyenikosea hata nikatoka kwenye kundi letu la WhatsApp la mashabiki wa muziki wa Korea usiku ule wa Oktoba bila kuaga, baada ya miaka 5 ya kukesha pamoja. Nilijaribu kukujibu kwa simu, lakini kila nilichoandika kilitoka kifupi na kikali kuliko nilivyokusudia, ndiyo maana nimechukua karatasi na kalamu.

Hakuna aliyenikosea. Niliondoka kwa sababu ya mashada ya maua.

Unakumbuka ilivyokuwa. Seunghan, mwimbaji wa kikundi cha wavulana cha RIIZE, alikuwa amesimamishwa tangu Novemba 2023, miezi miwili tu baada ya kikundi chao kuanza rasmi, kwa sababu ya picha zilizovujishwa zikimwonyesha na msichana, picha za siku ambazo hakuwa hata ameanza kazi. Tarehe 11 Oktoba mwaka huu kampuni yao, SM Entertainment, ikatangaza kwamba anarudi. Haikuchukua muda mashabiki wasiomtaka wakaanza kupeleka mashada ya msiba mbele ya jengo la kampuni pale Seongsu-dong, Seoul, mamia kwa mamia, yakapangwa bega kwa bega kando ya njia. Yale mashada marefu ya maua meupe yenye utepe, ambayo Wakorea huyapeleka mahali penye maiti. Tarehe 13 ikatoka barua yake ya kuaga. Siku 2 zilitosha kumrudisha kijana kazini na kumwondoa tena.

Picha zile zililetwa kundini kwetu usiku, nami nilikuwa bado macho. Wenzetu wakaweka alama za kucheka. Halafu wewe, somo yangu, ukaandika neno moja tu: "Amestahili." Nilikaa na simu mkononi nikiwaza kwamba huyu ndiye aliyenieleza, zamani tulipoanza, kuhusu magunia ya mchele. Ulinieleza kwa furaha kubwa kwamba msanii wa Korea anapokuwa na onyesho, mashabiki wake hutuma maua yaliyoambatana na mchele, na mchele huo hupelekwa kwa watu wenye shida kwa jina lake. Ulisema umependa ushabiki wa namna hiyo, unaomlisha mtu usiyemjua. Sasa maua yaleyale yalikuwa yamegeuzwa kumzika mtu aliye hai, na wewe ulikuwa upande wa wanaozika.

Sikuandikii haya nikuaibishe, kwa maana mwezi Februari mimi mwenyewe nilikuwa upande huohuo. Wewe unajua ninavyompenda Karina, mwimbaji wa kikundi cha wasichana cha aespa. Dispatch, gazeti la mtandaoni la Korea linalofichua mambo ya wasanii, lilipotoa habari yake na mwigizaji Lee Jae-wook, tarehe 27 Februari, nilihisi kitu kama wivu na kitu kama aibu, na sikujiuliza kwa nini. Kampuni yake, ileile SM, ilisema wawili hao ndio kwanza wanaanza kujuana. Mimi na wewe hatukutaka kusikia hilo. Tulitafuta kila picha ya onyesho la mavazi la Milan walipodaiwa kukutana, tukalinganisha makoti na kofia, tukapima nani alimtazama nani na kwa sekunde ngapi. Nilimaliza bando la wiki nzima kwa siku moja. Lori lenye skrini lilipopelekwa mbele ya ofisi za kampuni likimuuliza kama mapenzi ya mashabiki hayamtoshi, na likimwonya kwamba asipoomba radhi ataona albamu haziuziki na viti vya ukumbini viko vitupu, niliisambaza picha yake. Sikuongeza neno, lakini niliisambaza.

Kisha tarehe 5 Machi akaweka barua aliyoiandika kwa mkono wake, akiwaomba radhi mashabiki kwa mshtuko aliowapa na kusema anataka kuwaponya majeraha yao. Wakati ule niliisoma nikaridhika. Leo siwezi kuisoma bila kuumia. Binti mzima, mwenye miaka 23, ameketi mahali fulani na karatasi kama niliyo nayo mimi sasa, anaomba msamaha kwa kumpenda mtu ambaye naye hana mke. Majeraha aliyoyataja ni pamoja na yangu, mimi niliye Tanga, ambaye hajapata kuniona wala hatanijua. Tarehe 2 Aprili ikatangazwa kwamba wameachana. Nilihesabu nikakuta ni wiki 5. Huwa najiuliza ni uhusiano gani mchanga ungestahimili wiki 5 za namna ile, hata hapa mtaani kwetu, ambako macho yanayokutazama ni ya majirani ishirini tu.

Kitu kingine kilichoniuma nilikigundua baadaye. Albamu ya kwanza kamili ya aespa ilitoka tarehe 27 Mei. Unajua desturi yetu: nyimbo nyingi hutoka saa kumi na mbili jioni ya Seoul, ambayo kwetu ni saa sita mchana, nasi tulikuwa tukiacha chakula mezani ili tusikilize wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka. Safari hii nilisikiliza nyimbo 2, nikaingia mtandaoni kuona kama kuna mtu aliyeuona uso wa Karina una huzuni jukwaani. Nyimbo nyingine sikuzisikiliza hadi Agosti. Miezi 3, somo yangu, mimi niliyekuwa nikimngojea binti yule aimbe, nilikuwa na kazi yake mkononi nikashughulika na moyo wake usionihusu. Katika mabishano yetu yote ya mwezi ule nimetafuta, na sikuona hata mara moja tulipozungumzia sauti, au ngoma, au maneno ya wimbo.

Na daftari? Lile la mistari tulilojifunzia Hangul, herufi za Kikorea, kwenye baraza ya mama, wewe ukiandika ukurasa wa kushoto na mimi wa kulia. Tulikuwa tumefika mahali pa kusoma majina ya vituo vya treni ya Seoul bila msaada. Ukurasa wa mwisho una tarehe ya Januari mwaka huu. Baada ya hapo ni kurasa tupu.

Uliniandikia kwamba wasanii hawa wanachukua muda na fedha zetu, kwa hiyo tuna haki ya kujua ukweli, na kwamba kama wangesema ukweli tangu mwanzo tusingekasirika. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu si hoja ya kijinga. Fedha kweli zinatoka. Msichana wa Seoul hununua albamu ileile kwa makumi ili apate kadi ya picha aitakayo, au apate bahati ya kuketi mbele ya msanii kwa dakika chache akisainiwa. Hulipa kila mwezi ili apokee ujumbe kwenye programu ya Bubble, ambako maneno ya msanii humfikia kana kwamba ameandikiwa yeye peke yake. Kinachouzwa pale kimechanganywa: wimbo, na ndani ya wimbo ukaribu. Naelewa kwa nini anayelipia ukaribu kila mwezi huona ameibiwa anaposikia kwamba ukaribu halisi uko kwa mtu mwingine. Lakini aliyemuuzia ni kampuni. Kampuni nyingine zilifika hadi kuweka masharti, kama JYP Entertainment iliyojulikana kwa kuwazuia wasanii wake wapya kuwa na mpenzi kwa miaka 3 ya kwanza. Biashara ikishajengwa juu ya upweke wa kijana, atakayelipa siku upweke huo ukiisha ni yeye, si waliouza.

Kuhusu kusema ukweli, nikukumbushe waimbaji HyunA na E'Dawn. Tarehe 2 Agosti 2018 kampuni yao, Cube Entertainment, ilikanusha kwamba ni wapenzi. Kesho yake wao wenyewe wakawaambia waandishi kwamba ni kweli, na kwamba wamekuwa pamoja miaka 2. Walifanya hasa jambo unalolitaka wewe. Tarehe 13 Septemba kampuni ikatangaza inawafukuza kwa kuwa uaminifu umevunjika. Tangazo lenyewe likayumba siku ileile, lakini kabla mwaka haujaisha wote wawili walikuwa wameondoka. Na Chen wa kikundi cha EXO, Januari 2020, aliandika barua kwa mkono wake kuwaeleza mashabiki kwamba anaoa na kwamba wamepata baraka, maana mchumba wake alikuwa mjamzito. Kwetu habari kama hiyo ingepokelewa kwa vigelegele, au pengine kwa minong'ono ya wiki moja kwa sababu ya ile mimba, kisha watu wangeulizana sare ya harusi ni kitambaa gani. Siku chache baadaye baadhi ya mashabiki walikusanyika Seoul kudai aondolewe kwenye kikundi. Safari ile kampuni ilikataa, akabaki. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba alibaki.

Kwa hiyo sioni ni ukweli wa namna gani ungeturidhisha. Anayeficha tunamwita mwongo, anayesema anapoteza kazi, anayepigwa picha kwa siri anaandika barua ya toba.

Niongeze jambo moja kuhusu hilo gazeti, maana wakati wake umekaribia. Dispatch limejijengea desturi ya kufungua mwaka kwa kufichua wapenzi. Tarehe 1 Januari 2013 walikuwa mwimbaji Rain na mwigizaji Kim Tae-hee, ambao baadaye walioana na kujaliwa watoto, nao ndio wanaotajwa kila mara watu wanapotaka kuonyesha kwamba desturi hiyo haina ubaya. Tarehe 1 Januari 2019 walikuwa Kai wa EXO na Jennie wa kikundi cha wasichana cha BLACKPINK, na mwezi haukuisha ikatangazwa kwamba wameachana. Picha hizo hupatikana kwa watu kujificha ndani ya magari nje ya nyumba za wenzao, usiku, kwa wiki nyingi. Sisi tunajua kumtenga shabiki anayemwandama msanii hadi mlangoni kwake. Wakorea humwita sasaeng, na mimi na wewe tumemlaani mara ngapi? Lakini anayefanya hivyo akiwa na kamera ya gazeti tunamngojea usiku kucha, kwa sababu asubuhi ya Seoul ni usiku wetu wa manane, na asubuhi yetu tunakwenda kazini macho mekundu. Mwaka jana uliniambia bosi wako amekuonya mara 2 kwa kusinzia. Sikuthubutu kukuambia kitu siku ile kwa sababu mimi ndiye niliyekuamsha.

Mashabiki wa Korea si wote waliopeleka mashada, nawe usije ukadhani nawasema vibaya watu wa nchi ambayo lugha yake naipenda. Wengi walilia Seunghan alipoondoka, na wengi wa nje ya Korea waliipinga kampuni waziwazi, wengine wakaacha kununua. Hilo lilinipa moyo, ingawa nililiona siku kadhaa baadaye, nikiwa nimekwisha kutoka kundini. Laiti ningelijua usiku ule, huenda ningebaki nikabishana nanyi kwa upole. Niliondoka kimya, na kwa hilo kukuacha bila neno naomba unisamehe kabisa.

Sitaki uache kupenda. Mimi sijaacha. Wiki iliyopita nilikaa barazani nikaisikiliza ile albamu ya Mei tangu mwanzo hadi mwisho, simu nyingine zote nimezima, na kuna mahali Karina anaingia kwa sauti ya chini kabla ngoma hazijapanda ambapo nilisimama kama tulivyokuwa tukisimama tukiwa chuoni. Nilitaka kukupigia papo hapo nikuambie usikilize, nikakumbuka kwamba hatusemezani.

Nimepata likizo kuanzia tarehe 27. Mama ameniruhusu, na nauli ninayo. Nitapanda basi la asubuhi, nivuke Horohoro, jioni niwe kwenu kama hakutakuwa na foleni pale mpakani. Nataka usiku wa kuamkia Januari mosi unikute hapo kwenu. Najua kundi zima litakuwa macho likingoja gazeti. Kama wewe pia utataka kungoja sitakukataza, lakini nakuomba simu zetu tuziache chumbani kwa mama yako tangu magharibi. Nitakuja na daftari. Nimeandika juu ya ukurasa wa kushoto, ule wako, majina 10 ya vituo ambayo mimi mwenyewe nimeyasahau namna ya kuyasoma, na wa kulia nimeuacha wazi.

Nisalimie mama, mwambie nimekumbuka mahamri yake. Nijibu kabla sijakata tiketi.

Ni mimi akupendaye,
Somo yako