Mashua za tanga ziwani zinahitaji fuo zilizokaguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wasomaji ambao hushauri wenye mashua ndogo za tanga hapa Kisumu wazilaze ufuoni jinsi wafanyavyo watu wa Lamu, ili wazikwangue na kuzipaka rangi bila gharama. Ushauri huo ni mzuri, lakini ni wa bahari, na atakayeufuata bila kuupima katika Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, atakwama.

Huko pwani nahodha hulaza chombo kwa sababu anajua kwamba maji yaliyokipweleza yatarejea baada ya saa chache na chombo kitaelea tena. Mombasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Hata hivyo, halazi popote tu. Hupakagua mahali penyewe kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, akichoma mchanga kwa fimbo ili ajue kama chini kuna tumbawe au tope. Hakipandishi chombo kwenye kilele cha bamvua, kwa kuwa maji ya siku zinazofuata hayatafika tena hapo, naye atalazimika kungoja takriban wiki mbili. Mashua yenye mkuku (uti wa chini ya chombo) mmoja mrefu huiwekea miega, yaani nguzo za kuizuia isianguke, au huiacha iegemee upande wa nchi kavu, na nanga huwa ameshaitupa upande wa kina kabla ya kugusa chini ili apate pa kujivutia. Hatari kubwa haiko wakati chombo kimelala, bali katika zile dakika chache kinapogusa chini au kinapoanza kuelea, ambapo wimbi hukiinua na kukibwaga. Ndiyo maana mahali penye kinga ya mawimbi ni bora kuliko mahali penye mchanga mzuri.

Ziwa Victoria halina msaada huo. Kupwa na kujaa kwake ni kwa sentimita chache ambazo hakuna anayeziona, na kimo chake hubadilika polepole kwa kufuata mvua na maji yanayotoka Jinja kuingia Nile. Anayeiacha mashua ukingoni mwezi Mei, masika yanapomalizika, huenda akaikuta juu ya nchi kavu ifikapo Septemba, na hapo hakuna maji yatakayokuja kuichukua, ila magogo na mabega ya vijana ambao kwa haki watataka kulipwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni yale yaliyofichwa na maji yenyewe. Mwezi Mei 2020 ziwa lilifikia kimo kilichoipita rekodi ya Mei 1964, na katika fuo nyingi vibanda, nyua na vyoo vilifunikwa. Maji yamepanda na kushuka tangu wakati huo, lakini mabaki mengi hayajaondolewa. Nimeona kwa macho yangu nguzo ya ua iliyosimama wima majini, hatua chache tu kutoka ukingoni, ncha yake ikiwa kiganja kimoja chini ya uso wa maji, imeota mwani na bado ina kipande cha seng'enge. Mtumbwi mwepesi ungeipita pembeni bila kuigusa, lakini mashua ya mkuku ingepasuliwa ubavu.

Kuna pia gugumaji, ambalo huweza kuacha ufuo wazi asubuhi na kuuziba alasiri, upepo unapogeuka na kuvuma kutoka magharibi. Upepo huo huo husukuma mashua kuelekea nchi kavu, kwa hiyo mwenye busara huingia ufuoni mapema na kutafuta rasi ya kumkinga. Naye anayeshuka kuisukuma mashua akumbuke kichocho, hasa penye maji yaliyotulia kando ya mafunjo, na akumbuke viboko jua linapotua.

Siafikiani na wanaodai kwamba mwenye mashua ya starehe ana haki ya kutua popote. Fuo nyingi ni sehemu za kazi, kina mama hutandaza nyavu mchangani ili kuanika omena, na mashua iliyolazwa hapo kwa siku mbili huwakosesha riziki. Kila ufuo wa wavuvi una kamati yake ya BMU (Beach Management Unit), yaani ya usimamizi wa ufuo, na kumuuliza mwenyekiti kabla ya kutua ni heshima, tena ni faida, kwani yeye ndiye anayejua nguzo zimezama wapi.

Ninaziomba serikali za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na Migori zishirikiane na kamati hizo kuchagua walau ufuo mmoja katika kila kaunti, wenye mchanga mgumu na kinga ya upepo wa magharibi, mbali na anika za omena. Mabaki yaliyozama hapo yang'olewe msimu wa kiangazi maji yanaposhuka, kisha usimikwe mti wenye alama za mita, uliopakwa rangi inayoonekana kutoka mbali, ili anayeingia ajue kina kabla mkuku haujagusa chini.

Mpenda tanga,
Dunga, Kisumu.