RISALA YA MASHABIKI KWA KAPTENI WETU, BEKI NAMBA TANO, SIKU YA KUMUAGA HAPA UJIJI, KIGOMA

Ndugu mgeni rasmi, kapteni wetu,
Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu mliokaa hapo mbele, mama zetu na dada zetu mliotoka mwaloni Kibirizi, kocha, wachezaji wa zamani na wa sasa, na nyie watoto mliopanda ukutani (shukeni jamani, huo ukuta una mwenyewe), asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mungu kutufikisha jioni hii bila mvua. Na niseme hili mapema kabla watu hawajaanza kunong'ona, kwenye kikao cha maandalizi kuna waliotaka mgeni rasmi awe mheshimiwa fulani ili bahasha iwe nene, kikao kikagoma, wakasema kama ni siku ya kapteni basi mgeni rasmi ni kapteni mwenyewe, risala asomewe yeye, na kama bahasha itakua nyembamba tutakula nyembamba hivohivo. Ndo mana leo umekaa kwenye kiti chenye kitambaa alafu unaangalia chini kama umeitwa polisi. Nyanyua uso kapteni, hii ni yako.

Ndugu mgeni rasmi, sisi ni mashabiki wa timu ya mtaa, unatujua wote kwa majina na kwa madeni. Tupo bodaboda wa Mwanga, wauza dagaa, mafundi cherehani, walimu wawili watatu, na zaidi ya nusu ni watu wa ziwani. Timu yetu ratiba yake haipangwi na mtu, inapangwa na mwezi, giza likiingia vijana wako ziwani na taa zao wanatafuta dagaa, mbalamwezi ikitoka vipe, yani mitumbwi yetu ya dagaa, vinapumzika na sisi tunapata kikosi kamili. Wageni wakija kutuomba mechi ya kirafiki wanashangaa tunaangalia juu kabla ya kujibu. Katika hali hiyo timu kuwa na beki mmoja ambae miaka yote yupo, awe ametoka ziwani alfajiri au hajatoka, saa kumi jioni kashafunga daluga, hicho sio kitu kidogo.

Sasa nataka niseme kitu ambacho mashabiki huwa hatukisemi vizuri. Mshambuliaji anapendwa siku hiyohiyo. Anafunga goli, anabebwa, jioni ananunuliwa soda, kesho kutwa kahama timu na bado tunamsimulia. Beki ni habari nyingine kabisa, kazi yake yote ni vitu ambavyo havikutokea, na kitu ambacho hakijatokea utakisimulia vipi kijiweni? Goli ambalo halikufungwa halina dakika wala halina picha kwenye grupu la Whatsapp. Kwaiyo mapenzi ya beki yanachelewa, yanakuja pole pole, mwaka wa kwanza unamuona wa kawaida tu, wa pili unaanza kugundua siku asipokuwepo timu inacheza kwa wasiwasi, wa tano huwezi kwenda uwanjani kabla hujauliza "kapteni yupo?" Sisi kwako ndo tulikua hivo, wala hamna siku maalum ambayo mtu anaweza kusema hapa ndo nilianza kumkubali.

Ila kuna mechi moja nataka niisimulie mana vijana wengi waliiangalia bila kuiona. Ni ile nusu fainali ya ndondo mwaka 2024, kipindi ziwa limefungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, wavuvi wote tuko nchi kavu, hela hamna, mpira ndo ulikua chakula. Wapinzani wakaleta mamluki, dogo mmoja wa winga ya kulia, mbio zake sio za kawaida. Dakika za mwanzo tu akampita namba tatu wetu, akakupita na wewe, mpira ukagonga mwamba. Uwanja ukanyamaza, alafu nyuma ya goli watu wakaanza "mzee mtoeni, mzee mtoeni".

Wewe hukumkimbiza. Ulirudi hatua mbili nyuma, ukasogea kidogo kuelekea kati, ukamwita namba tatu ukamnong'oneza huku umeziba mdomo kwa mkono, na kuanzia hapo yule dogo kila akipata mpira ndani kumefungwa, njia iliyobaki wazi ni ya pembeni tu. Na pembeni kule karibu na kibendera cha kona wote tunajua kuna nini, mchanga mzito ule wa kuzama kisigino. Dogo anakimbia weee, akifika mchangani mpira unakwama, mguu unakwama, na wewe umeshafika unautoa taratibu kwa upande wa ndani wa mguu bila hata kuchafua kaptula. Kipindi cha pili chote alikua anapelekwa mchangani na hajui nani anampeleka! Hamna aliepiga makofi mana hamna kilichotokea. Mechi ikaisha bila goli, tukashinda kwa penati, kipa akabebwa mabegani, wewe ukaenda kukaa kwenye kivuli unafungua kamba za viatu. Mpaka usiku kijiweni ndo mzee mmoja wa kahawa akatuchorea mezani kwa visoda nani alisimama wapi, tukabaki tunaangaliana.

Yani huyo ndo tunaemuaga leo. Beki kisiki lakini sio wa kuvunja watu miguu. Kwenye kiwanja chetu chenye mawe ukiteleza unaacha ngozi, labda ndo mana ulijifunza kukaba kwa kusimama, unasubiri, unamwacha mtu ajimalize mwenyewe. Na kabla ya kila mechi, wakati wenzako wanapiga picha, wewe unazunguka kwenye kumi na nane umeinama unaokota kokoto, vigae, magunzi, unatupa nje ya mstari. Siku hizi hata madogo wa chini ya miaka kumi na mbili wakiingia uwanjani wanainama kwanza, hamna aliewafundisha, wamekuona tu.

Tunakumbuka pia Julai 2021, fainali ya kombe la shirikisho ilivyoletwa hapahapa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, mji ulifurika mpaka watu wakalala vibarazani. Wewe ulikaa jukwaani na sisi, na wakati wote tunapiga kelele wewe hukuangalia mpira hata mara moja, unaangalia mabeki. Ilipotokea ile kona ya mwishoni mwishoni ukasema kabla haijapigwa, "hapa wamejipanga vibaya, kona inalindwa kabla ya kupigwa", na kweli Taddeo Lwanga akapanda kichwa, 1-0, Simba bingwa. Wa Yanga waliokaa karibu na wewe walikununia kana kwamba wewe ndo umefunga! Ni kweli Yanga walishabaki kumi baada ya kadi nyekundu ya Mukoko Tonombe, hilo mlishalisema sana na mtaendelea kulisema, mimi katibu wenu ni wa Simba kwaiyo naomba tusonge mbele.

Ndugu mgeni rasmi, kuhusu kustaafu kwako. Goti limeamua, hatuna cha kubishana na goti. Ila tulishaogopa kwamba ungeondoka kimya kimya mana mabeki wengi ndo wanavoondoka, siku moja hayupo kwenye orodha, mwezi ujao mtu anauliza "hivi yule jamaa yuko wapi?" Na wengine wanaondoka vibaya. Paolo Maldini, miaka yote kwa AC Milan, hajawahi kuhama, mechi yake ya mwisho pale San Siro Mei 2009 kuna mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea. Maldini! Ukiona hivo unajua kwamba kumpenda beki ni kazi, na wapo watu wa mpira wakubwa kabisa imewashinda. Sisi wa mwisho wa reli tumesema haitatushinda.

Na hapa nyumbani tunao mfano mzuri, nasema hivi japo ni wa Yanga. Nadir Haroub Cannavaro alivyostaafu mwaka 2018 hawakumwacha aende zake, walimuandalia mechi ya kuagwa pale Morogoro, jezi yake namba 23 akamkabidhi Abdallah Shaibu Ninja, beki mwenzie na Mzanzibari mwenzie, alafu wakambakiza kwenye timu kama meneja. Hapo ndo tulipochota wazo la hafla hii, wa Simba mnisamehe.

Kwenye hiyo hoja ya jezi palikua na ugomvi mkubwa na naona ni haki yako kuujua. Kuna kundi likasema namba tano istaafishwe, isivaliwe tena milele, wakatoa mfano wa Milan kwamba namba 6 ya Franco Baresi ilitundikwa, na namba 3 ya Maldini haivaliwi labda aje mtoto wake. Wazo zuri, watu wakapiga makofi, mpaka mweka hazina akasimama akauliza timu ina jezi ngapi. Seti ni moja, na kuna mbili zilishachanika, tukistaafisha tano kuna mtu atacheza kifua wazi. Kikao kikacheka mpaka kikavurugika. Tukakubaliana jezi ibaki ila wewe mwenyewe ndo uchague wa kuivaa.

Na hapo ndo lilipo ombi letu la kwanza na kubwa. Tangu Mashujaa wapande ligi kuu mwaka 2023 watoto wetu wanaiona ligi hapahapa Kigoma kwa macho, sio kwa kuhadithiwa, na hilo ni jema. Ila nenda mazoezini jioni waulize nani anataka kucheza namba gani, wote tisa na kumi, mmoja mmoja winga. Namba tano anapewa aliechelewa kufika au mwenye mwili mkubwa. Wanacheza beki kwa adhabu! Tunakuomba kapteni, goti likipoa, uje jioni ukae na hao madogo, usikimbie, kaa hata kwenye kiti, uwafundishe kusimama, kuangalia kiuno cha mtu badala ya mpira, kuongea na mwenzio, na ule mkono wako wa kunyoosha kidole kabla ya kona. Kocha wetu ni mtu mzuri na yupo hapa anasikia, ila yeye alikua mshambuliaji na akisimulia mpira anasimulia magoli tu.

Ombi la pili ni dogo, usiache kuja uwanjani. Tunajua wachezaji wakistaafu wanaona aibu kukaa na sisi tunaotukana marefa. Tumeshakutengea nafasi pale chini ya mwembe.

La tatu, timu moja ya huko juu iliyokuchukua miaka ile ikakurudisha na begi bila hata nauli, hatuitaji jina mana hii ni sherehe, ila wakija tena kuchukua kijana hapa tunaomba wewe ndo ukae nao mezani, karatasi isomwe yote na isainiwe na mzazi. Mwenyekiti wa mtaa naomba na wewe ulishike hilo.

Shemeji yetu, uko wapi, simama tukuone. Huyu mama miaka yote amefua zile soksi, amemsubiri mtu alietoka ziwani alfajiri na jioni anatoka tena kwenda kukabana na watoto wa watu, na siku ile ya kujifunga, wote mnaijua, watu walipopita mbele ya nyumba wanazomea yeye ndo alietoka mlangoni na mwiko, hawakurudia. Kitenge hiki ni chako, na hilo dumu la mawese.

Kapteni, zawadi yako ni taa mbili na betri lake kwa ajili ya kipe chako, mana tumesikia zile za zamani zinazima katikati ya usiku. Tulipanga iwe taa nne, michango haikufika, majina ya ambao hawajatoa yako kwa mweka hazina na hatutayasoma leo kwa heshima yako, tutayasoma Jumapili.

Ndugu mgeni rasmi, baada ya risala hii kuna wali na migebuka, watoto wataanza, wazee watafuata, mashabiki tutamalizia. Ila kabla ya chakula kuna kazi moja. Jezi namba tano imefuliwa, iko hapo mezani mbele yako. Vijana wa kikosi wako pale kulia wamejipanga, na kuna wawili watatu ambao tangu asubuhi wanajifanya hawana habari. Kamati haijakuelekeza chochote na haina jina mfukoni.

Naomba kuwasilisha. Risala imeandaliwa na kamati ya mashabiki na kusomwa na katibu. Kapteni maiki hii hapa, ita jina.