Mbeya sio Dar, hivi vioo vinatutesa

Ndugu mhariri, naomba nafasi niongelee haya maghorofa ya ofisi yanayoota hapa mjini, maana siku hizi jengo likianza tu ujue litavalishwa vioo vya bluu chini mpaka juu, na wenyewe wanasema ndo usasa. Mi vioo sina ugomvi navyo, vinaleta mwanga, mchana huwashi taa, sawa kabisa. Shida vinawekwa aina moja pande zote nne, utadhani jua linazunguka jengo kama mlinzi.

Jua letu linapiga mashariki asubuhi na magharibi jioni, tena kwa ubavu, hata ukiweka kofia ya zege juu ya dirisha linapita chini yake. Kaskazini na kusini kivuli kidogo tu kinatosha. Sasa kuna ofisi nilienda kufuatilia karatasi zangu, sitaitaja, ukuta mzima wa kioo unatazama magharibi. Saa tisa alasiri dada wa kaunta kabandika maboksi ya karatasi kwenye kioo kwa selotepu, pazia limepauka, feni inamvumia usoni na taa zinawaka mchana kweupe! Yaani ule mwanga waliojengea ukuta wameuziba kwa boksi. Na haohao mwezi wa saba asubuhi wanapiga kazi na makoti, kwa sababu kioo kimoja chembamba kinapoteza joto balaa.

Dawa ipo. Vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati vinapunguza kupotea kwa joto karibu nusu, na kuna vinavyopakwa utando usiouona kwa macho, unapitisha mwanga ila joto unalirudisha. Bei imechangamka, najua, lakini nani kakwambia uweke jengo zima? Magharibi jenga tofali za kuchoma, madirisha madogo, hela inayobaki ndo ununulie vioo vya maana huko kwingine.

Kinachoniuma zaidi ni vioo visivyofunguka. Tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, upepo wa mlima Loleza haulipiwi, halafu unaziba jengo zima ukanunue kiyoyozi?? Harare nako ni nyanda za juu, kuna jengo linaitwa Eastgate, limekamilika 1996, msanifu wake Mick Pearce kaweka kuta nzito na vivuli vingi, usiku feni zinapitisha hewa ya baridi inapoza zege, mchana zege linakula joto, na viyoyozi vya kawaida hamna. Wala sio kijibanda, ni maduka na ofisi kibao.

Kwa hiyo wanaopitisha ramani pale jiji, kabla ya kugonga muhuri wamuulize mwenye jengo, magharibi umeweka nini, na hayo madirisha yanafunguka? Fundi aluminiamu yeyote wa Mwanjelwa ukimwambia akutengenezee dirisha la kusukuma anakutengenezea, ni vile tu hakuna anayemwambia.

Msomaji wenu,
Soweto, Mbeya