Risala kwa Mgeni wa Heshima, Sikukuu ya Madaraka

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mzee wa mtaa, viongozi wa dini, wamama, vijana, hamjambo na karibuni sana. Tunajua mheshimiwa uko na mikutano mingine leo kwa hivyo historia tutaikimbiza.

Kikundi chetu kilianza kama chama cha kusaidiana kwa matanga, saa hii tuko na viti na tenti za kukodisha, mitaro tumezibua, na timu yetu ya mpira ilifika fainali. Timu zilikuwa chache, lakini fainali ni fainali.

Leo ni 1 Juni, siku Kenya ilipata madaraka 1963, uhuru wenyewe ukafuata 12 Desemba. Huku Eastlands ya Nairobi hiyo stori tuko nayo nyumbani. Babu zetu walivaa kipande, ile pasi ya mkoloni, shingoni kama kengele ya mbuzi, na Aprili 1954 wakoloni wakazingira Nairobi na ile Operesheni Anvil, wakabeba maelfu ya watu wakawapeleka kambini. Uhuru ulipokuja serikali ikasema maadui wamebaki watatu: ujinga, umaskini na maradhi.

Sasa mheshimiwa, huyo wa tatu sisi tunaishi naye, na anakuja na maji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama, tena ya kutosha. Haijasema ya kununua kwa mkokoteni. Kipande kilitoka shingoni kwa babu, mtungi ukapanda mgongoni kwa mama, na mtoto wa shule anaamka usiku kupanga laini halafu mwalimu anauliza mbona analala darasani.

Hatusemi hatujasaidiwa. Mgeni aliyekutangulia kwa hiki kiti, na tunamheshimu sana, alitufungulia bomba hapo nyuma ya jukwaa. Alikata utepe, akafungua, maji yakatoka, tukapiga vigelegele na picha zikapigwa. Kumbe maji yalikuwa ya lori lililojaza tangi asubuhi, paipu yenyewe haijaunganishwa popote mpaka wa leo. Bomba lipo, wamama wamefunga kamba ya kuanika nguo hapo, karibu ulione. Aliyemtangulia yeye alituahidi kisima, huyo hata utepe hakuleta.

Kwa hivyo mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, ombi ni moja. Hatutaki tangi, hatutaki jiwe la msingi, tisheti tuko nazo za kutosha. Tunaomba paipu iunganishwe na laini kubwa ya barabarani na mita iwekwe kwa jina la kikundi, bili tutalipa wenyewe, hiyo tumeshakubaliana. Na tunaomba utupe tarehe, sio ile ya "hivi karibuni".

Kitabu cha mikutano kiko kwa katibu hapo mbele, kalamu pia iko. Ukishaandika na kutia sahihi utakaribishwa chai, imepikwa na maji ya kununua, na bei leo imepanda kwa sababu ni sikukuu.

Asante.